Maji ya Chyulu, Mapumziko ya Nani?

Ukimwambia mtu wa Mutomo kwamba huko Ulaya kuna watu wanaolipa fedha nyingi ili wanywe maji yenye madini, atakutazama kwanza ajue kama unamtania. Kusini mwa Kitui maji yenye madini ndiyo hayo hayo wanayoyakimbia. Kisima kinachimbwa, mashine inatoboa mwamba mchana kutwa, pampu inawashwa, wanawake wanapanga mitungi yao ya manjano, na wa kwanza akionja anatema. Chumvi. Mbuzi watayanywa, na punda pia akizidiwa na kiu, lakini sabuni haitoi povu, na chai iliyopikwa kwa maji hayo haikolei hata uijaze sukari. Niliinywa chai hiyo kwenye kibanda kimoja kando ya soko la Mutomo. Mwenye kibanda aliniona nikikunja uso, akacheka. "Mgeni, chumvi hiyo ni ya bure. Wewe lipia sukari tu."

Nilichokuwa nikikitafuta ni kitu ambacho Ukambani kinasikika kama mzaha: historia ya mapumziko ya afya kwenye chemchemi. Ulaya jambo hilo lilikuwa na wataalamu wake na ratiba zake. Warumi walijenga mabafu penye maji moto ya Bath, Uingereza, karibu miaka elfu mbili iliyopita. Katika karne ya 19, mgonjwa aliyefika Vichy, Ufaransa, aliandikiwa na daktari anywe gilasi ngapi, za chemchemi ipi, saa ngapi. Na maofisa wa makoloni waliorudi kutoka Afrika na Asia huku maini yao yamechoshwa na malaria walijazana huko kunywa maji. Kwenye nyanda za juu za Madagaska, wamisionari Walutheri kutoka Norwei walijenga makao Antsirabe mwaka 1872, penye chemchemi za moto, na mji ukaja kupewa sifa ya kuwa Vichy ya kisiwa hicho. Jirani zetu wa Tanga wana maji ya salfa ya Amboni, ambayo bado yanabeba jina la Galanos, Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Kenya nayo, mwenye mgongo unaouma huenda Bogoria, au Olkaria karibu na Naivasha, ambako kampuni ya umeme ya KenGen ilifungua mwaka 2013 bwawa la kuogelea linalojazwa maji ya visima vya mvuke.

Haya ya Kenya yako Bonde la Ufa, kwenye joto la ardhi. Ukambani haina majimoto ya kujivunia. Lakini upande wa Makueni kuna mfululizo wa chemchemi za maji safi yanayotoka chini ya vilima vya Chyulu, na kwa zaidi ya miaka mia moja kila mwenye uwezo aliyefika hapo amejijengea pahali pa kupumzikia. Mimi ni mtu wa Mombasa. Maji ya bomba niliyolelewa nayo yalitoka kwenye vilima hivyo hivyo, kupitia chemchemi za Mzima, na nilikuwa mtu mzima kabla sijapata hata hamu ya kuuliza yanatoka wapi.

Nilianzia Kitui kwa makusudi, kwa kuwa mtu hajui uzito wa chemchemi mpaka aione nchi isiyo nazo. Kaunti hii ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 30,000, na kwenye ramani imechorwa mito ya kutosha: Tiva, Thua, Nzeeu na mingine midogo. Ukishuka garini uione kwa macho, ni mchanga mtupu. Mvua za vuli, ambazo mkulima wa huku anazitegemea kuliko za masika, huja kwa kishindo, mto unafurika kwa saa chache, kisha maji yanazama na juu panabaki pakavu.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za nchi hii alijifunza jambo hilo kwa njia ngumu. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Rabai, alifika Kitui mwaka 1849 kwa mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, Kivoi, na ni akiwa huko alipouona Mlima Kenya. Alirudi mwaka 1851. Safari hiyo waliandamana kuelekea mto Tana, wakavamiwa na majambazi, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbilia porini peke yake. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kutekea, basi akajaza maji ndani ya mkoba wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaziba kwa majani na kipande cha suruali. Maji hayo yalipokwisha akasikia kelele za nyani. Akazifuata mpaka kwenye mkondo mkavu, akakuta shimo ambalo nyani wamelichimba mchangani, na ndani yake maji. Aliitoa baruti kwenye pembe yake ili apate pa kuyatia. Katika maandishi yote ya wasafiri wa karne ile niliyopata kuyasoma, sijaona ushuhuda bora zaidi wa elimu ya maji ya Kitui, na walimu wake walikuwa nyani.

Elimu hiyo bado inafanya kazi. Kwenye mkondo mmoja kusini mwa mji wa Kitui tulimkuta mama wa makamo ameingia shimoni hadi kiunoni. Dereva wangu, kijana wa huko huko, alimwamkia kwa heshima, "Wakya, mwaitu?" naye akajibu bila kuinuka. Kisima kilikuwa kimezungushiwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasikichafue, na upande mmoja alikuwa ameukata mchanga ukawa kama ngazi. Aliyachota yale maji ya kwanza, yenye takataka, akayamwaga nje kwa kata ya kibuyu, akangoja. Maji mapya yalipanda taratibu kutoka chini, yakiwa na weupe kidogo, kisha yakatulia yakawa maangavu. Akachota kata baada ya kata, kwa mkono mlegevu ili asilitibue shimo, mpaka mtungi wa lita 20 ukajaa. Punda wake alikuwa amesimama kivulini na mitungi mingine mitatu mgongoni. Akanipa nionje. Yalikuwa baridi, matamu, hayana hata chembe ya chumvi. Maji haya ni ya mvua. Hayajakaa ndani ya mwamba miaka na miaka yakinyonya kila kilichomo, kama yale ya visima virefu vya Mutomo.

Kutoka hapo imekuja kazi ambayo Kitui inastahili kujulikana nayo kuliko inavyojulikana. Ukijenga ukuta wa zege kukatiza mto wa msimu, mahali ambapo mwamba uko karibu, mafuriko huleta mchanga na kuurundika nyuma ya ukuta, na mchanga huo huhifadhi maji, kiasi cha theluthi moja ya ujazo wake. Jua haliyafikii. Mbu hawapati pa kutagia, na jambo hili litakuwa na maana zaidi tukifika Kibwezi. Shirika la SASOL, lililoanza Kitui katika miaka ya 1990, limejenga mabwawa ya aina hii kwa mamia, wanavijiji wakibeba mawe kwa utaratibu wa mwethya, kila boma likitoa mtu. Kwingineko Ukambani kazi hiyo ilikwishaanza Utooni tangu mwaka 1978, chini ya Joshua Mukusya. Adui wake mkubwa ni lori. Mchanga huo huo ndio Nairobi inaoutaka kwa majumba yake, na mto ukishakombwa mchanga hauna tena ghala la maji. Makueni ilitunga sheria yake ya kulinda mchanga mwaka 2015. Nilipouliza upande wa Kitui kama malori yamepungua, watu walitazamana tu.

Barabara ya kutoka mjini Kitui hadi Kibwezi siku hizi ni lami, na wanaokumbuka ilivyokuwa huieleza kwa viapo. Unapita Mutomo, unapita Ikutha, ambako Walutheri wa Kijerumani waliweka misheni miaka ya mwanzo ya 1890, mashamba ya ndengu na mtama yakipishana na vichaka vya miiba, kisha unavuka mto Athi kwa daraja. Hapo sikusimama. Ng'ambo ya mto ni Makueni, na baada ya mwendo nchi inaanza kubadilika: ardhi inakuwa nyeusi, mawe ya lava yanajitokeza kando ya njia yakiwa na vitundu vitundu, na upande wa kusini-magharibi Chyulu inaonekana, mstari mrefu wa vilima vya mviringo vyenye rangi ya samawati.

Chyulu ni vilima vichanga. Volkano zake za mwisho zililipuka katikati ya karne ya 19, na lava yake ya Shetani, iliyomwagika ndani ya eneo ambalo sasa ni mbuga ya Tsavo Magharibi, bado ni nyeusi kama iliyopoa juzi. Kilele kimevuka mita 2,100 na kina msitu unaovikwa ukungu, lakini hutaona kijito kikishuka. Mvua yote na umande wote unazama ndani ya majivu na mawe yenye matundu, unasafiri chini kwa chini miaka mingi ukichujwa, na unapokutana na mwamba wa kale usiopenyeka unalazimika kutokeza juu. Unatokeza Mzima upande wa kusini, na upande huu wa reli na barabara kuu unatokeza Umani karibu na Kibwezi, unatokeza Makindu, unatokeza Kiboko. Ukitazama ramani utaona miji ya njia ya Mombasa imepangwa kwa kufuata maji. Misafara ya pembe na watumwa ilipiga kambi hapo, wapagazi wakajaza vibuyu, kisha gari la moshi likasimama hapo hapo kunywa.

Mwaka 1891 alifika Kibwezi Dakta James Stewart, Mskoti aliyejulikana kwa kazi yake ya Lovedale, Afrika Kusini. Alitumwa na watu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, Sir William Mackinnon na wenzake, waliochanga fedha zao wenyewe ili misheni ianzishwe bara. Walizunguka wakitafuta mahali, wakapachagua hapa. Ni rahisi kuona sababu: mto unaotiririka mwaka mzima katika nchi kavu, msitu wenye miti mikubwa, ardhi yenye rutuba, na njia ya misafara mlangoni. Walijenga nyumba, shule na zahanati, wakalima bustani. Hata kahawa ilijaribiwa Kibwezi katika miaka hiyo ya 1890, kabla watu wa Kiambu hawajaifahamu. Kama kuna mahali katika historia ya Ukambani palipokusudiwa kuwa makao ya afya kando ya chemchemi, yenye tabibu na kila kitu, ni hapo.

Homa iliwamaliza. Wamisionari kadhaa walizikwa, wengine walirudishwa kwao hoi, na mwaka 1898 misheni ilifungasha virago ikahamia Kikuyu, kwenye baridi, chini ya Thomas Watson. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1900. Mkewe Minnie alibaki Thogoto, huko huko Kikuyu, akifundisha miongo mitatu. Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, mti mkubwa unaohusishwa leo na Kikuyu, mbegu yake ya kwanza ilipandwa Kibwezi.

Kinachonisumbua ni tarehe. Agosti 1897, huko India, Ronald Ross alipasua mbu chini ya hadubini akaona vijidudu vya malaria tumboni mwake. Misheni ya Kibwezi ilihama mwaka uliofuata. Miaka yote ile wale Waskoti walikuwa wakilaumu hewa ya usiku, unyevu wa msitu na mvuke wa udongo uliolimwa, na hawakuweza kujua kwamba maji waliyoyafuata ndiyo yaliyokuwa yakilea mbu wao. Chemchemi yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye vidimbwi vya kando, kwenye mifereji ya bustani, kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Mama wa Kitui, ambaye maji yake yamefichwa chini ya mchanga, angewafaa sana kama mshauri.

Umani yenyewe iko ndani ya msitu wa Kibwezi, mwendo mfupi kutoka mjini. Unaingia chini ya miti ukiwa umeloa jasho na joto la njia ya Mombasa, na ghafla mwili unapoa. Mitini imekumbatia mawe ya lava kwa mizizi yake, tumbili wanarukia matawi, vipepeo wametua kwenye tope. Maji hayaruki juu kama nilivyokuwa nikiyafikiria. Yanatoka tu chini ya jiwe, kimya, mengi, kama yaliyokuwa yamekaa humo yakingoja zamu, na baada ya hatua chache tayari ni mto. Niliinamisha kiganja nikanywa, japo askari wa msitu aliyekuwa nami alinionya kwamba nyati na tembo nao hunywa hapo. Ladha yake ni nzito kidogo kuliko ya maji ya mvua. Nilikuwa nikiijua tangu utoto.

Leo kuna nyumba ya wageni humo msituni, chini ya Sheldrick Wildlife Trust, shirika lililojulikana kwa kulea tembo yatima. Hukodishwa nzima kwa kundi moja, ina bwawa la kuogelea, na tangu mwaka 2014 shirika linawatunza katika msitu huo tembo wachanga ambao kwa sababu ya majeraha ya zamani wasingemudu ukubwa wa Tsavo. Sina ubishi na tembo wala na nyumba. Bila ya ulinzi ulioletwa na shirika hilo pamoja na idara ya misitu, wapasua mbao na wachoma makaa wangekuwa wamekwishafika kwenye jicho la maji. Lakini ndiyo mapumziko ya afya hasa, yale niliyoyatafuta: kivuli, utulivu, maji, mgeni kutoka mbali. Na nje ya msitu, kwenye kioski cha maji kandokando ya mji, mitungi ilikuwa imepangwa foleni tangu asubuhi kwa sababu bomba lilikuwa limekatika. "Umani iko hapo, kaka, unaiona na macho," aliniambia mwanamke mmoja akikalia mtungi wake. "Lakini maji ya hapo yanapenda sana wageni."

Makindu nilifika njaa inaniuma. Mwaka 1898 reli ilipopita hapa palikuwa kituo kikubwa, chenye karakana na mahema ya mafundi kutoka Punjab, na mwaka 1926 Masingasinga wa reli walijenga hekalu lao kando ya njia. Kila msafiri wa Mombasa analijua. Unavua viatu, unafunga kichwa kwa kitambaa wanachokupa mlangoni, unanawa, unaketi. Analetewa chapati, dengu na chai dereva wa lori sawasawa na familia ya Kihindi iliyotoka Nairobi na Benzi, na hakuna anayekuja na bili. Ukitaka kulala, kuna vyumba. Ukitaka kuacha chochote, kuna sanduku. Mzee mmoja aliyekuwa akigawa dengu kwa ndoo aliniongeza mara mbili bila kuniuliza, akasema tu, "Kula, bado safari." Katika mapumziko yote yaliyojengwa juu ya maji ya Chyulu, hili ndilo pekee nililoliona halina mgeni wa daraja la kwanza. Halijidai kutibu maradhi yoyote, na nilitoka humo nimepona uchovu.

Kiboko ni mwendo mfupi kutoka hapo kuelekea Nairobi, na habari yake inahitaji moyo mgumu. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ilitaka kuwahamishia Wakamba katika ardhi ya Makueni, kwa kuwa milima ya Machakos ilikuwa imechakaa kwa mmomonyoko na msongamano. Pori lilikuwa na mbung'o na vifaru. Akatumwa John Alexander Hunter, Mskoti wa idara ya wanyama. Kuanzia Agosti 1944 hadi Oktoba 1946 alipiga vifaru 996. Isome tena hesabu hiyo ukijua kwamba leo kifaru mweusi Tsavo analindwa na askari mwenye bunduki, ndani ya ua, usiku na mchana.

Hunter hakuwa mtu mkatili katika maandishi yake. Alijua anachokifanya na alikiandika kwa masikitiko. Na alipochoka na bunduki, mwishoni mwa miaka ya 1950, alirudi papo hapo, akajenga hoteli kando ya chemchemi ya Kiboko akaiita Hunter's Lodge, kwa jina lake. Aliishi hapo hadi alipofariki mwaka 1963. Barabara ya Mombasa wakati ule ilikuwa vumbi na mashimo, gari likichemka rejeta na watu wakichemka vichwa, na Kiboko ilikuwa kama kilomita 160 kutoka Nairobi. Familia za walowezi zilivunja safari hapo, zikanywa chai penye bwawa lililokingwa kutokana na chemchemi, zikatazama ndege. Baada ya uhuru waliopumzika wakawa wengine: mawaziri, wafanyabiashara, maharusi wa Kinairobi.

Nililizunguka bwawa jioni. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia, kwera wakishona viota juu ya matete kwa fujo yao, mdiria akitumbukia na kutoka na samaki. Pembeni imesimama migunga yenye magome ya manjano, ile inayopenda kuota penye maji. Wazungu wa zamani waliishuku miti hii, wakaiona ndiyo inayoleta homa, kwa kuwa kila aliyelala chini yake aliamka mgonjwa. Ni hukumu ile ile ya Kibwezi: mti ukalaumiwa, mbu akaachwa. Mhudumu aliniambia kwamba wageni wamepungua tangu treni mpya ya mwaka 2017 ianze kuwachukua watu hadi Mombasa kwa saa chache bila kushuka njiani, na wenye magari nao hawana tena haja ya kulala.

Nikikaa hapo nilijaribu kuwapanga wote kwa zamu zao: mfanyabiashara wa pembe, mmisionari, fundi wa reli, mwindaji, mtalii. Karibu kila mmoja aliyepumzika kwenye chemchemi hizi alikuwa mpita njia, akielekea Uganda, Nairobi, Mombasa au mbugani. Mwenye shamba la mahindi yaliyonyauka kilomita kumi kutoka hapo alibaki kuwa mpishi, mtunza bustani au mwenye kusubiri kwenye kioski. Na aliyefaidi kuliko wote hakuwahi hata kushuka garini. Miaka ya 1950 serikali ililaza bomba kutoka Mzima hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 200, likapita katika nchi ya Taita na nyika yote kavu ya Voi na Mariakani hadi likamimina pwani. Viongozi wa Taita Taveta wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba maji yanatoka kwao na fedha haziji kwao. Tukiwa watoto Mombasa tuliufungua mfereji tukaacha unamwagika huku tukienda kuita mwenzetu aje aone baiskeli.

Kwa hiyo kuhusu afya, hukumu yangu ni hii. Chemchemi za Makueni hazina uponyaji wa Vichy, na sidhani Vichy yenyewe iliponya zaidi ya kumpa mgonjwa usingizi, chakula cha kipimo na umbali na ofisi yake. Tiba ya maji haya ni kwamba ni safi, hayana chumvi, na hayakauki. Mtoto wa Kibwezi aliyefikishiwa bombani amepata dawa ya kuhara ambayo hakuna bwawa la mgeni linaloweza kuishinda, na mtoto wa Mutomo angeipokea leo hii bila kuuliza kama kuna madini.

Dawa hiyo inatengenezwa kwenye msitu wa kilele cha Chyulu, na msitu huo unaungua karibu kila kiangazi, moto ukiwashwa na wachungaji wanaotaka majani mapya, na wachoma makaa wakikwea kutoka chini. Vilima vimegawanyika kati ya Makueni na Kajiado, mbuga ya Chyulu ina mipaka yake tangu mwaka 1983, misitu ya chini ina wenyewe, Mzima iko Taita Taveta, na mnywaji mkubwa yuko baharini. Kila mmoja ana kipande chake na bajeti yake. Makueni na Kajiado wasiachiwe peke yao gharama za kuulinda mlima wakati watu wao wenyewe bado wanapanga foleni. Ningependa kaunti zote nne zikae meza moja na kila mita ya ujazo inayouzwa iwekewe tozo ndogo ya kulipia askari wa moto na mabomba ya vijiji vilivyo karibu na chemchemi. Na kwa kuwa sisi wa Mombasa ndio tuliokunywa zaidi na kwa muda mrefu zaidi, bili ya kwanza ianzie kwetu.